Koroma la Mwanakwerekwe

Kila Jumamosi huuacha Mji Mkongwe nikaenda Mwanakwerekwe. Hunywa kwanza chai ya tangawizi katika mkahawa wa mabati, kisha huingia sokoni kwa watu wa shamba, penye mafungu ya muhogo na mikungu ya ndizi.

Mimi sikusoma sana. Darasa langu la lugha lilikuwa soko, na mwalimu wangu marehemu mama, aliyeuza nazi. Utotoni niliona haya kumbebea pakacha lake.

Hivi karibuni nilikwama katika kufasiri shairi la kigeni, lililomtaja mtu aliyeupita ujana asiufikie uzee. Nikaandika, nikafuta. Nikiwa sokoni, bibi mmoja muuzaji akanitilia tunda mkononi.

“Hili si dafu tena, mwanangu, wala halijawa nazi. Ni koroma.”

Nilinyamaa. Mama alikuwa akiyataja yote kwa mpango: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Nimeyatafuta maneno kamusini miaka mingi, na hili nililiacha ndani ya pakacha nililolikimbia.

Nikalinunua koroma lile, nikalibeba mkononi hadi nyumbani, bila ya kulificha.