Zuri Nini?

Baba yangu ana majina mawili yanayosema jambo moja, ingawa waliompa hawakushauriana. Alizaliwa Novemba 1948 kijijini kwetu Bukoba, msimu wa senene. Babu akamwita Byarugaba, yaani vya Rugaba, vitu vyake Mungu Mgawaji. Wiki hiyohiyo akapelekwa kubatizwa. Padri wa Kizungu akafungua kalenda ya watakatifu, akakuta tarehe 8 ni sikukuu ya Papa Mtakatifu Deusdedit, akammwagia mtoto maji kwa jina hilo. Deusdedit kwa Kilatini ni “Mungu ametoa”. Babu hakujua Kilatini, na padri hakuuliza maana ya Byarugaba.

Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifika Kashozi, huko huko Bukoba, mwaka 1892. Mpaka baba anazaliwa, vijiji vyetu vilikuwa vimejaa Kilatini: Deogratias, Respicius, Projestus, Adventina. Bibi hakuyaogopa majina hayo. Aliyakata yakaenea mdomoni mwake, na baba akawa Deusi. Hata baba alipokuwa mtu mzima mwenye watoto, jioni bibi alisimama ukingoni mwa migomba akipaza sauti: “Deusi! Deusi!” Nilipofika sekondari nikajifunza kwamba deus ni Mungu, nilicheka peke yangu darasani. Miaka yote ile bibi alikuwa anamwita Mungu aje ale ndizi kabla hazijapoa.

Mimi nilizaliwa Mei 1979. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevuka mpaka wa Kagera mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na Kampala ilikuwa imeanguka tarehe 11 Aprili. Baba, mwalimu wa Kiswahili shule ya msingi, akaniita Amani. Kwa bibi hilo nalo lilikuwa jina la ugenini. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya redio, ya shule na ya karani anayepima kahawa. Akalipokea kama alivyolipokea lile la padri, kisha akalitandikia jingine chini yake: Kemilembe. Maana yake ni ileile, ila hilo alilitamka kama mtu anayerudi kwake.

Mdogo wangu alikuja mwaka 1990, enzi za Kiingereza. Darasani kwangu kulikuwa na Goodluck, Godbless, Witness, na Happyness wawili, wote kwa herufi y. Mama akachagua Gladness. Mwingereza akilisikia huomba lirudiwe, maana kwao hilo ni neno tu la kamusi. Sisi tuliligeuza jina kwa sababu kwetu jina ni sentensi: linasema mtoto alipofika palikuwa na nini nyumbani. Bibi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Gladness akabaki na jina moja, na hakuna aliyeliona pengo hilo.

Agosti 2019, Gladness akajifungua Dar es Salaam. Akatuma picha kwenye kundi la familia: mtoto kafumba macho, kofia imemzidi, na maneno mawili, “Anaitwa Zuri.” Jina alilipata kwenye simu, katika orodha ya majina ya watoto wa Marekani. Pembeni yake palikuwa pameandikwa: maana, mrembo, asili, Kiswahili.

Mimi kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule. Nikaona neno letu limesafirishwa likiwa limekatwa kichwa, na sasa linarudi kwa bei ya ng'ambo. Mtoto ni mzuri, nyumba ni nzuri, viatu ni vizuri. Nikamwandikia: “Zuri nini? Gari?” Akajibu: “Wewe uliitwa nomino, shukuru.” Nikamtupia methali: nguo ya kuazima haisitiri matako. Baada ya hapo hakujibu tena.

Kwa miezi minne nilimjulia hali mtoto bila kumtaja jina. “Mtoto hajambo? Mtoto ameota meno?” Usiku, kwa siri, nilikuwa nalifuatilia jina lenyewe. Nikasoma kuhusu Maulana Karenga, aliyeanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 akaipa misingi saba kwa Kiswahili. Misingi miwili kati ya hiyo, Nia na Imani, imekuwa majina ya mabinti wengi wa Wamarekani weusi. Wahenga wao walichukuliwa zaidi Afrika Magharibi na ya Kati, na wengi wao hawakuwahi kusema Kiswahili. Ila majina ya wahenga hao yalifutwa na mabwana waliowanunua, na wajukuu hawakuwa na bibi wa kuwatajia. Wakaokota lugha isiyo ya kabila moja, wakajistiri nayo. Nikagundua pia kwamba katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, Zuri ni mzee wa kiume, Forest Whitaker. Hilo nililihifadhi kama silaha.

Sikuitumia. Krismasi tulikutana Bukoba. Baba alikuwa ameketi barazani na mjukuu mapajani, anatafuna akamwani, zile punje za kahawa zilizokaushwa ambazo mgeni kwetu hupewa kabla ya maneno. Nikamweleza kesi yangu yote, hadi methali.

“Deusdedit nimelivaa miaka sabini na moja,” akasema. “Umewahi kuniona uchi?”

Nikanyamaza.

“Na sarufi yako, mwalimu. Jina likiwa si baya, linakuwaje?”

“Linakuwa zuri,” nikasema.

“Basi limekubaliana.”

Gladness alicheka mpaka akashika mlango. Baba hakucheka. Alimuuliza: “Wiki aliyozaliwa huyu, nyumbani palikuwa na nini?”

Gladness akaangalia chini. “Palikuwa na ugomvi wangu na dada.”

“Basi huyu ni Kemilembe.” Akanigeukia. “Mbebe wajina wako.”

Nilimpokea. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana pichani, na kichwa chake kilinuka mafuta ya nazi. Ndipo Gladness akauliza, kwa sauti ndogo kama anauliza chumvi: “Baba, mimi mbona sina la kwetu?”

Baba akaacha kutafuna. “Bibi yenu alitangulia,” akasema. Jibu lilikuwa la kweli, na halikutosha.

Nilikuwa nimemwona mdogo wangu kama mtu aliyeidharau akiba ya nyumbani akakimbilia dukani kwa watu. Kumbe alikwenda kwenye simu kwa sababu kwake yeye akiba haikufunguliwa. Kilatini hakikumdhuru baba, wala Kiswahili hakikunidhuru mimi, kwa kuwa kila jina la mgeni lilipoingia mlangoni palikuwa na mtu wa kulitandikia. Methali yangu ilikuwa sahihi. Niliielekeza tu kwa mtu asiyestahili. Aliyepaswa kutandika, bibi alipoondoka, nilikuwa mimi. Gladness alipozaliwa nilikuwa na miaka kumi na moja, lugha naijua, na hadithi zote nimezisikia.

Kwenye cheti cha kuzaliwa mtoto ni Zuri, na Zuri ndilo analoandika kwenye madaftari yake, z ikiangalia nyuma. Mwalimu wake naye alimuuliza, zuri nini? Akamjibu: “Jina.” Tukiwa Bukoba, baba husimama ukingoni mwa migomba jioni, pale pale aliposimama mama yake, akaita: “Kemilembe!” Tunaitika wawili, “Abee!”, mmoja kutoka jikoni na mwingine kutoka juu ya mti wa mpera. Gladness, ambaye hakuitwa, ndiye anayetangulia kugeuka.