Mariga na Uzito wa Jina la Kwetu

Mchele wa Kyela huuzwa kabla haujaonjwa. Mnunuzi wa Dar es Salaam akiambiwa umetoka kwetu Bondeni, hulipa zaidi. Ndiyo maana hata mchele usiowahi kuiona Kyela hubandikwa jina hilo. Sisi tuliozaliwa huku tunanufaika na jina ambalo wazee walilijenga kwa jembe. Lakini jina la mahali likiwa hafifu, humfanyia nini mtu aliye bora? Swali hili hunikumbusha kiungo mstaafu wa Kenya, McDonald Mariga.

Januari 2010 Mariga alikuwa akichezea Parma ya Italia, baada ya kupitia Helsingborg ya Sweden. Manchester City ilimtaka. Kilichokwamisha usajili ni kibali cha kazi. Kanuni ya Uingereza wakati ule ilimtaka mchezaji asiye wa Ulaya awe ametoka katika taifa lililo ndani ya 70 bora za FIFA, na Kenya haikuwamo. Waziri Mkuu Raila Odinga aliingilia kati, lakini dirisha la usajili lilifungwa mpango ukiwa umeshavunjika.

Tuzingatie jambo moja: uwezo wa Mariga haukuwa na mashaka. Kilichopimwa ni nchi yake, ambayo katika miaka hiyo ilikuwa na makundi mawili, KFF na FKL, yakigombania uongozi wa soka. Wakubwa walivutana Nairobi. Kijana aliyekuwa Parma akalipa sehemu ya gharama.

Inter Milan ya José Mourinho ndiyo iliyomchukua. Tarehe 28 Aprili 2010 aliingia uwanjani Camp Nou dakika za mwisho kuchukua nafasi ya Samuel Eto'o, Inter ikilinda nafasi yake ya kwenda fainali mbele ya Barcelona. Tarehe 22 Mei alikuwa benchi jijini Madrid Inter ilipoifunga Bayern Munich 2-0 na kutwaa Ligi ya Mabingwa. Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba kipaji hakizuiliki. Mimi nalikataa hitimisho hilo. Mariga aliokolewa na mlango wa pili, kwa kuwa tayari alikuwa Italia. Waliokosa mlango wa pili hatuwajui hata majina.

Naandika haya nikiwa na jeraha langu dogo. Niliwahi kuomba nafasi ya utafiti katika chuo kimoja cha ng'ambo, nikatakiwa kufanya mtihani wa Kiingereza, ilhali tasnifu yangu ya uzamivu niliiandika kwa lugha hiyohiyo. Aliyenijibu hakuisoma kazi yangu. Alisoma nchi yangu.

Baada ya soka, Mariga aligombea ubunge wa Kibra kwa tiketi ya Jubilee katika uchaguzi mdogo wa 7 Novemba 2019. Alipata kura 11,230 dhidi ya 24,636 za Imran Okoth wa ODM, chama cha Raila yuleyule. Alimpigia mshindi simu, akampongeza. Desemba 2024 alichaguliwa makamu wa rais wa Shirikisho la Soka la Kenya. Kwangu mimi, cheo hiki kina uzito kuliko medali ya Madrid, kwa sababu sasa ameketi mahali ambapo jina la nchi hujengwa au hubomolewa: katika hesabu za fedha, chaguzi safi, ligi za vijana na kumbukumbu zilizotunzwa. Kucheza vizuri hakumhakikishii mtu kuongoza vizuri. Atapimwa kwa kazi hiyo, nasi tuna haki ya kumpima.

Hapa kwetu, mpunga ukishavunwa, vijana hugeuza majaruba kuwa viwanja. Pengine yupo kati yao kiungo wa kiwango cha Mariga. Tumezoea kumwambia ajitume. Ushauri huo ni mzuri, lakini haujitoshelezi, kwani siku atakapoitwa mbali atapimwa pamoja nasi: pamoja na ofisa aliyekosea tarehe katika cheti chake cha kuzaliwa, kiongozi wa chama cha soka aliyekula fedha za mashindano, na mwalimu aliyepandisha alama kwa upendeleo. Mtumishi wa umma unayesoma makala haya, karatasi iliyo mezani kwako leo itasafiri na kijana fulani hadi mahali usipopajua. Itamfungulia mlango au itamfungia?