Hakuna kilichoota

Chumba ninacholala na yaya wangu, mtoto wa mama mkubwa, kina meza moja tu. Yeye yuko mwaka wa mwisho wa masta ya mikrobiolojia ya kliniki. Mimi nasoma isimu ya lugha za Kiafrika. Umeme ukikatika, na hapa Lubumbashi hukatika, tunagawana mshumaa mmoja. Kwa muda mrefu niliamini kwamba masomo yetu hayana kingine cha kushirikiana.

Mwaka huu alianza kuniomba nimshikie daftari akikariri. Ndipo nilipogundua kwamba sehemu kubwa ya kazi yao ni majina. Salmonella ilipewa jina la Daniel Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani, ingawa aliyefanya kazi ya kuitenga mwaka 1885 ni msaidizi wake, Theobald Smith. (Wasaidizi wa kitivo chetu watajua wacheke au walie.) Bakteria wa homa ya tumbo huandikwa Salmonella Typhi: neno la kwanza kwa herufi za mlazo, la pili kwa herufi wima na kubwa, kwa sababu Typhi si spishi bali ni aina moja ndani ya Salmonella enterica. Mwalimu wao hukata alama kwa kosa hilo. Kuna chakula cha bakteria kinachoitwa jeloze ya chokoleti, na hakina chokoleti hata chembe: ni damu iliyopashwa moto mpaka ikawa ya kahawia.

Jambo lililonivutia zaidi lilikuwa rangi ya Gram. Hans Christian Gram, Mdenmaki, aliieleza mwaka 1884. Bakteria hutiwa rangi ya zambarau, kisha iodini, kisha huoshwa kwa alkoholi. Wanaoishika zambarau huitwa Gram pozitif. Wanaoiachia hutiwa rangi nyingine, wakaonekana waridi, nao ni Gram negatif. Kwa hiyo hapo negatif haina maana ya kukosekana. Bakteria yupo, tena anaweza kuwa mkali sana. Alichokataa ni rangi. Niliandika hayo pembeni mwa daftari langu na kusahau.

Kuna kipimo kingine wanachokiita hemokulturi, yaani kuotesha damu. Damu ya mgonjwa hutiwa katika chupa yenye chakula cha bakteria, chupa huwekwa katika joto la nyuzi 35 hadi 37, kisha watu hungoja, mara nyingi siku 5. Bakteria akiota, atatafutiwa jina na dawa inayomweza. Asipoota, karatasi huandikwa negatif. Nilimwambia yaya kwamba kwa Kiswahili kuota ni kumea, lakini pia ni kuona ndoto, kwa hiyo labo yao ni mahali pa kungoja chupa ziote. Hakucheka, alikuwa na mtihani.

Mwezi wa tatu nilipata ruhusa ya kumfuata katika hospitali anakofanya mazoezi, nikusanye maneno ya kazi yangu ya mwisho. Anayeingia labo lazima avae koti jeupe, nami nikavalishwa la kukopa. Siku ya nne, yaya akiwa ndani na sahani zake, mama mmoja alikuja dirishani na karatasi mkononi. Mtoto wake wa miaka 3 alikuwa amelazwa kwa homa isiyoshuka. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa.

“Dokta, unisomeye.”

Nilipaswa kumwambia angoje. Lakini mimi ni mtu wa lugha, nilikuwa mbele ya karatasi isiyo ya lugha ya mwenyewe, na nilifurahi kuombwa.

“Ni negatif, mama. Hakuna mikrobe mu damu.”

“Njo kusema mutoto hana na kitu?”

“Hana na kitu.”

Akasema aksanti, akainamisha kichwa, akaenda. Nilifungua daftari nikaandika mazungumzo yetu yote, neno kwa neno, kama mfano mzuri wa jinsi wasemaji wanavyojitafsiria wenyewe.

Saa moja baadaye nilimwonyesha yaya mfano wangu. Aliusoma, akavua glavu, akatoka bila kusema neno. Nilimfuata. Njiani ngazini alinieleza kwa vipande vipande. Kabla ya kuletwa hospitali, yule mtoto alipewa vidonge vya antibiotiki vilivyonunuliwa kwenye famasi ya mtaani. Dawa hiyo inaweza kuwazuia bakteria wasiote chupani na bado isiwamalize mwilini. Halafu damu inayochukuliwa kwa mtoto mdogo ni kidogo, na bakteria ndani yake wanaweza kuwa wachache mno. Halafu si kila homa ni ya bakteria, na malaria haioti katika chupa ile.

Tulimkuta mama amekwisha kukunja vitenge. Alikuwa amemwambia muuguzi asipige sindano ya jioni, kwa kuwa mtoto hana na kitu na kila sindano alikuwa akiilipa kwa pesa ya mkopo. Hesabu yake ilikuwa sawasawa. Kilichokuwa kibovu ni neno nililompa.

Yaya aliketi pembeni mwa kitanda.

“Mama, tulitafuta mikrobe mu damu, hatukuiona. Inaweza kuwa imejificha, juu ulimupatia dawa mbele ya kuja. Mutoto angali mugonjwa. Sindano tusiikate.”

Mama aliuliza maswali mawili, yote ya pesa, kisha akafungua vitenge. Sindano ilipigwa saa mbili usiku badala ya saa kumi na mbili jioni.

Usiku huo sikufungua vitabu. Nilirudia sentensi zile mbili, yangu na ya yaya. Mimi nilisema hakuna, nikakanusha kitu chenyewe. Yeye alisema hatukuiona, akakanusha kuona kwetu, na kiambishi tu- kikabeba lawama yote ya kutoona. Nimefanya mtihani wa ukanushi katika Kiswahili, tena nilipata alama nzuri. Nilijua hakuna na hatuku- zinavyoundwa. Kwenye dirisha lile nilichagua ile iliyo fupi.

Nilimwuliza yaya kama wao hufundishwa jinsi ya kumwambia mama kama yule. Alisema wanafundishwa kumpigia simu mganga mara moja chupa ikiota, na maneno ya kuandika katika ripoti. Maneno hayo wenyewe wanayagombania. Katika kupima nguvu ya dawa, wanaweka vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa juu ya bakteria, wanapima kwa milimita mahali palipobaki wazi, kisha wanaandika S, I au R. Herufi I ilikuwa na maana ya “katikati”, na waganga wengi waliikimbia kama R. Mwaka 2019 kamati ya Ulaya inayoshughulikia vipimo hivyo, EUCAST, iliibakiza herufi lakini ikabadilisha maana yake: sasa dawa inafaa, ila mwili uipate kwa wingi zaidi. Huko wanajua kwamba herufi moja ikieleweka vibaya mgonjwa hukosa dawa. Kwetu, orodha za istilahi huandika negatif ni hasi, pozitif ni chanya, kisha hugeuza ukurasa. Hata yangu ilikuwa hivyo. Nimeifuta, na mwongozaji wangu ananiuliza kwa nini sura ya pili imechelewa.

Siku 8 baadaye nilimkuta yule mama kwenye lango la hospitali, mtoto mgongoni, akitafuna mkate. Wakati huo sikuwa na koti. Aliniita dokta. Nilimwambia mimi si dokta, ninasoma lugha.

“Luga gani?”

“Kiswahili.”

Alinitazama vizuri, kisha akacheka mpaka mtoto akageuka kunitazama naye.

“Kiswahili? Si unayua tayari? Unayifunza juu ya nini?”