Akiba Isiyokaguliwa

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Mimi nimejifunza kwamba huweza kuoza, ikiwa mwekaji hakurudi kuikagua.

Mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika hapa Mbale, ikaua watu na kusomba mali. Nasi walimu tukajiuliza: maji yakiingia ofisini, alama za wanafunzi zitabaki wapi? Zote zilikuwa katika seva moja. Nikajitolea kuzinakili kila Ijumaa kwenye kompyuta yangu ya mkononi.

Seva hiyo ilitumia Linux. Kompyuta yangu ilitumia Windows. Mifumo hiyo miwili haisomi majina kwa namna moja. Kwa Linux, "Alama" yenye herufi kubwa na "alama" yenye herufi ndogo ni faili mbili. Kwa Windows, kwa kawaida, hilo ni jina moja. Kabrasha letu lilikuwa na zote mbili: moja ya kidato cha tatu, nyingine ya kidato cha nne. Nilipokuwa nikinakili, niliulizwa kama faili mpya ichukue nafasi ya ile iliyopo. Nikabonyeza "ndiyo" bila kusoma. Kila Ijumaa, kidato kimoja kilifuta kingine.

Siku moja diski ya seva ikaharibika. Nikaifungua akiba yangu kwa fahari, nikakuta kidato cha nne peke yake. Binti mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa akihamia shule nyingine, alikuja kuomba matokeo yake.

"Mwalimu, mitihani yote niliifanya," akasema.

Tulikusanya karatasi za zamani, tukajumlisha upya. Zake zilipatikana, isipokuwa za hisabati.

Sasa kila faili ina jina linalotaja kidato na mwaka. Huhesabu faili za pande zote mbili, na kila muhula hujaribu kuzirejesha.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 kuhusu ulinzi wa data na faragha inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azikinge zisipotee. Awe mwalimu, karani au msajili wa wapiga kura, kazi yake haiishi anaponakili. Huisha anapofungua na kuhesabu. Nawe, mwenye taarifa hizo, una haki ya kumwuliza: nakala hiyo imewahi kufunguliwa?