Mvua ya Funguo Mjini Venice

Twende leo mpaka Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya visiwa vidogo vingi. Mle mjini huoni motokaa. Njia kubwa ni maji, na watu hupanda mashua kama sisi tupandavyo basi. Ukielekea upande wa mashariki utafika kwenye bustani yenye miti mikubwa. Humo mataifa mbalimbali yana nyumba zao za kuonyeshea kazi za sanaa, kwa maonyesho makubwa yaliyoanza mwaka 1895. Nyumba ya Japani ilijengwa mwaka 1956.

Kama ungaliingia katika nyumba hiyo mwaka 2015, ungalisimama mlangoni umeshangaa. Juu kote palitanda nyuzi nyekundu, kama wingu la jioni. Katika nyuzi hizo zilining'inia funguo zaidi ya 50,000, kama mvua iliyosimama hewani. Chini yake zilikaa mashua mbili kuukuu za Venice, mfano wa viganja viwili vinavyoikinga mvua ile.

Aliyeifanya kazi hiyo ni mama wa Kijapani, Chiharu Shiota, aliyezaliwa Osaka mwaka 1972, na makao yake ni Berlin, Ujerumani. Hakuleta kitu kilichofumwa tayari. Yeye na wasaidizi wake walianza na chumba kitupu, wakavuta uzi toka hapa hata pale, fundo kwa fundo, mpaka kazi ikakua na kulifuata umbo la chumba chenyewe. Kwake yeye nyuzi ni kama mambo ya watu: hutatizika, hukatika, kisha hufungwa tena.

Na funguo je? Hazikununuliwa dukani. Zilikuwa zimekwisha tumika, nao watu wa nchi nyingi walizitoa kwa hiari yao. Kabla ya hapo Shiota alikuwa amefiwa na jamaa na rafiki zake. Ndipo alipoufikiri ufunguo, kitu kidogo kinacholinda watu na mahali tunapopapenda.

Labda utasema: uzi ule hauvaliki, wala haufungi mbuzi! Kweli, haufungi mbuzi. Lakini ni nani kati yetu asiye na ufunguo usio na mlango? Nyumba imeanguka, mzee amefariki, na ufunguo ungali sandukuni. Kila mwaka sanduku hupanguswa, wala hakuna athubutuye kuutupa.

Maonyesho yale yalifungwa Novemba 2015. Nyuzi zikashushwa, chumba kikawa kitupu kama mwanzo.

Basi, jioni ya leo utafute ufunguo ule wa zamani. Waambie watoto ulikuwa wa mlango gani, na ni mkono wa nani uliokuwa ukiufungua. Maana tukinyamaza sisi, wao wataokota kipande cha chuma tu.