Alama kwenye Kioo

Dalali aliinyanyua redio kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku ili watu wote pale uani waione, kisha akasema kwa sauti ya masikitiko: "Kioo kimechafuliwa, jamani. Naanzia elfu thelathini." Tulikuwa Ngamiani, Tanga, kwenye mnada wa vyombo vya nyumba ambayo warithi walikuwa wameshaiuza. Cherehani ilikuwa imeondoka kwa ushindani mkali, na kabati la mninga vivyo hivyo. Ilipofika zamu ya redio, wengi walikwishageukia jokofu. Mimi moyo ulikuwa ukinidunda. Huo aliouita uchafu nilikuwa nimeuona tangu asubuhi: vipande vitatu vya plasta vimebandikwa kwenye kioo cha stesheni, kila kimoja na herufi yake ya wino, D, K na L. Pembeni, peke yake, tone la rangi nyekundu ya kucha.

Nimekusanya redio za zamani kwa miaka 16 sasa, na nyingi nimezipata minadani. Mnadani huruhusiwi kuwasha kitu. Unanunua bubu, na utachukua kama ulivyoona. Kwa hiyo nimejifunza kutumia macho, pua na vidole. Naipima redio kwa uzito, maana iliyonyofolewa transfoma ni nyepesi ajabu. Kama ni ya betri nafungua mgongoni kutazama iwapo betri zilivujia humo zikala shaba. Nachungulia karatasi ya spika, ambayo mende na panya huipenda sana. Halafu nasogea mbali, naandika bei yangu ya mwisho kwenye karatasi na kuitia mfukoni, kabla dalali hajafungua kinywa. Karatasi hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko ujuzi wangu wote wa redio. Joto la mnada ni kitu cha kweli: mtu usiyemjua anaongeza elfu tano, nawe unajikuta unapigania heshima mbele ya watu ambao hutawaona tena maishani.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa la bei. Redio yangu ya kwanza ilikuwa Philips ya valvu, yenye boksi la mbao, niliyoinunua Dar es Salaam. Kwenye kioo chake iliandikwa miji ya watu wengine: Hilversum, Luxembourg, Kalundborg. Karibu na Kalundborg mtu alikuwa ameandika kwa penseli, kwa mwandiko mdogo wa kutulia, neno moja: Dar. Nilifika nayo nyumbani nikachukua kitambaa na spiriti, nikaisafisha mpaka ikang'aa. Penseli ilitoka kwa mpanguso mmoja. Kisha nikaichomeka ukutani moja kwa moja. Hazikupita dakika tano, chumba kikajaa harufu ya kuungua.

Niliipeleka kwa fundi mmoja mzee ambaye alianza kazi hiyo enzi za valvu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeichomeka vivi hivi?"

Nikakiri. Akanieleza bila ukali. Redio iliyolala miaka 30 haiamshwi kwa kupigwa kofi. Ndani yake kuna kapasita zinazodhoofika kadiri miaka inavyopita, na zikidhoofika huenda zisizuie tena umeme bali huupitisha. Ukiupa mwili huo volti 230 kwa ghafla, kapasita zinachemka, na mzigo wote unaiangukia transfoma. Yeye huunga balbu ya nyuzi ya wati 40 au 60 njiani, kati ya ukuta na redio. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, kuna hitilafu, zima, tafuta. Ikiwaka kidogo halafu ikafifia, redio inavuta pumzi vizuri. Lazima iwe balbu ya nyuzi, hizi za siku hizi hazifai kwa kazi hiyo, na ndiyo maana anazo chache alizozifunga kwenye magazeti kama mayai.

Alipomaliza alikiinamisha kioo kwenye mwanga. Pale penye Kalundborg palikuwa pamebaki kivuli.

"Hapa palikuwa na maandishi?"

"Palikuwa nayo. Nilisafisha."

Alikaa kimya. Kisha akasema: "Transfoma nitaisuka upya. Hayo maandishi ataandika nani?"

Maneno hayo yamenikaa. Kiwanda cha Uholanzi kilichapa kwenye kioo kile miji iliyokuwa na maana kwa msikilizaji wa Ulaya. Mtu mmoja wa huku, pengine usiku, akisogeza mshale taratibu kwa unywele, alikuta nyumbani kwake pameangukia jirani na mji wa Denmark, akapaandika. Alikuwa amesahihisha ramani ya dunia kwa penseli. Nami niliifuta kwa sababu nilidhani kuitunza redio ni kuirudisha ilivyotoka kiwandani.

Wakusanyaji wengi hudhani hivyo. Uingereza kuna redio maarufu, Ekco AD65 ya mwaka 1934, ya mviringo kama sahani, boksi lake la bakelaiti, iliyobuniwa na msanifu majengo Wells Coates. Ni nzuri kweli. Ufa mmoja kwenye bakelaiti au kifungo kisicho cha asili, na bei inashuka. Mimi nikiulizwa redio ya mviringo ninayoitamani, nitataja nyingine: ile ya sufuria. Harry Franklin, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari kule Lusaka, alihangaika kutafuta kiwanda cha kutengeneza redio ambayo mtu wa kawaida angeweza kuimudu. Kampuni ya Ever Ready ilikubali, na boksi la majaribio likafanywa kwa sufuria ya alumini. Mwaka 1949 redio hizo zilianza kuuzwa, zimepakwa rangi ya buluu, kwa pauni 5, na betri yake ya kudumu saa 300 hivi ilinunuliwa mbali. Ningependa kuiona moja iliyobonyea, yenye masizi, iliyokaa kwenye nyumba yenye moshi.

Turudi uani. Herufi za plasta hazikunisumbua. D ni Dar es Salaam, ambako utangazaji ulianza mwaka 1951. K ni Kairo: matangazo ya Kiswahili kutoka Misri yalianza mwaka 1954, na wakoloni hawakuyapenda hata kidogo. L ni London, ambako idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957. Mwenye nyumba hiyo alikuwa na serikali yake, upinzani wake na jirani wa mbali wa kumsuluhishia, wote kwenye kioo chenye urefu wa shubiri mbili. Alikuwa anasikiliza pande zote kabla hajaamua. Najiuliza leo nina plasta ngapi kwenye kioo changu, na kama mojawapo imebandikwa mahali pa mtu nisiyekubaliana naye.

Wala hakusikiliza peke yake. Redio siku hizo ilikuwa ya mtaa, ikiwekwa dirishani ikitazama nje. Hata baadaye, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi, wakisikiliza pamoja, kisha wakijadili na kwenda kuchimba vyoo. Nilipokuwa mdogo tulianika betri juani ili zipate nguvu ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na aliyekuwa na betri nzima aliheshimika.

Dalali aliita. Nilitaja 30,000. Kijana mmoja akasema 35,000, alitaka mbao za boksi. Nikasema 40,000, akacheka akaniachia. Karatasi mfukoni ilikuwa na 150,000. Wakati nalipa, mama mmoja wa makamo, binti wa marehemu, alinifuata. "Kaka, samahani. Ikiweza kuimba, niambie."

Fundi wangu sasa mikono inamtetemeka, lakini aliniketisha mbele yake, akaniacha niunge balbu mwenyewe. Tulibadilisha kapasita saba. Balbu iliwaka, ikafifia. Baada ya nusu dakika valvu zilianza kuonyesha wekundu kama makaa chini ya jivu, harufu ya vumbi lililopata joto ikatoka, kisha spika ikaguna.

Nilimpigia simu yule dada, akaja Jumapili na mwanawe. Alikaa kwenye kiti, akauvuta mtandio, akaweka mkono kwenye kifungo bila kukitazama. Aliuzungusha mshale, akaupitisha D, akaupitisha K, kisha kidole cha mkono wa pili kikapapasa kioo mpaka kikagusa lile tone jekundu. Akasimamisha mshale hapo. Hapakuwa na kitu ila mvumo, kama bahari ukiisikia kwa mbali.

"Unguja," alisema. "Taarab ya usiku. Baba aliandika zake, hii akaiweka kwa rangi ya kucha." Alikaa kidogo na kidole chake palepale. "Hii ni ya mama. Mama hakujua kusoma."