Nchi ya Saudia na Majira Yake: Maelezo kwa Wanaotia Nia ya Safari

Wasomaji wetu wengi waijua nchi ya Saudia kwa miji yake miwili mitukufu, na wakiulizwa habari za sehemu nyingine hujibu kwamba kote ni mchanga na jua. Jawabu hilo si la kweli, tena lina hatari, maana msafiri hufunga mzigo wake kwa namna aidhaniavyo nchi aiendeayo. Vijana wetu huenda huko kusoma, wengine kutafuta kazi, na wazee wetu huenda kuhiji. Basi tumeona yafaa tuieleze nchi hiyo jinsi ilivyo.

Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 2,150,000, yaani Tanzania mbili na zaidi, wala haina hata mto mmoja utiririkao mwaka mzima. Ufalme huu ulipewa jina lake la sasa mwaka 1932, na leo umegawanywa katika mikoa 13. Lakini wenyewe hawajayaacha majina ya kale: Hijazi, Asiri, Najdi na Ahsa. Nasi tutayafuata hayo, kwani yaambatana na sura ya ardhi kuliko mipaka ya serikali.

Tuanze Hijazi, upande wa Bahari ya Shamu. Pwani yake ni uwanda mwembamba uitwao Tihama, na hewa ya Jidda haitakuwa ngeni kwa mtu wa Mombasa au Unguja: joto lenye unyevu, na nguo hulowa jasho. Makka iko kiasi cha kilomita 70 kutoka hapo, bondeni kati ya vilima vya mawe ambavyo hushika joto la mchana na kulitoa usiku. Ndilo bonde lisiloota mazao, ambamo Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, alimwacha mkewe na mwanawe. Mvua ni haba, ila ikija huja kwa ghadhabu. Tarehe 25 Novemba 2009, siku ile ile mahujaji walipokuwa wakielekea Mina, mafuriko ya Jidda yaliua watu zaidi ya 100. Kwa hiyo mgeni asilione bonde kavu akadhani ni mahali pema pa kupumzikia. Hiyo ni njia ya maji.

Nyuma ya Tihama yasimama milima ya Sarawat, kama ukuta. Taifu iko juu yake, kiasi cha mita 1,700 na zaidi, mji wa mawaridi, zabibu na makomamanga, na tangu zamani watu wa Makka hukimbilia huko wakati wa hari. Ukifuata milima hiyo kusini wafika Asiri, ambako mji wa Abha una mita zipatazo 2,200. Huko kuna misitu, mashamba ya ngazi, ukungu, na nyani wakaao kando ya barabara wakingoja chakula cha wasafiri. Mtu wa Lushoto angejiona yuko kwao.

Madina nayo iko kaskazini ya Makka, mwendo wa kilomita 450 hivi kwa barabara, juu kiasi cha mita 600. Mashariki na magharibi yake kuna nyanda za mawe meusi, nayo ni mabaki ya volkano. Mwaka 654 wa Hijria, yaani 1256, moto ulipasuka karibu na mji huo nao ukasimama kabla ya kuufikia.

Najdi ndiyo nyanda za juu za katikati, na Riyadh imo humo. Hewa yake ni kavu sana. Wakati wa hari joto la mchana hupita nyuzi 43, na usiku wa Januari hushuka hata chini ya nyuzi 10. Mashariki ni Ahsa, penye mitende ipatayo 2,500,000 inyweshwayo na chemchemi na visima, na karibu na hapo, Dhahran, ndipo mafuta yalipopatikana kwa wingi mwaka 1938. Kusini lipo jangwa kubwa la Rubu al-Khali, ambalo mgeni hana haja nalo. Kaskazini, pande za Tabuk, theluji huanguka milimani baadhi ya miaka.

Sasa tufike kwenye jambo linalowapotosha watu wa pwani yetu. Kwetu sisi Juni na Julai ni kipupwe, na Januari ni kaskazi yenye joto. Kule mambo ni kinyume. Kijana atokaye hapa Januari, naye amezoea jua, akafika Madina na kanzu mbili nyepesi, hulazimika kuazima blanketi usiku wa kwanza. Na atokaye Juni, katika upepo mwanana wa kusi, hushuka katika tanuri.

Tena joto kavu ni la hila. Jasho hukauka kabla mtu halijaona, naye hudhani hajapoteza maji. Yampasa anywe kabla ya kiu. Katika hija ya Juni 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 51, na serikali ya nchi ile ilitangaza vifo 1,301. Zaidi ya wanne katika kila watano miongoni mwao walikuwa hawana kibali cha hija. Walitembea mwendo mrefu juani, hawana hema wala pa kupumzikia. Wale wawaambiao wazee wetu kwamba viza ya matembezi yatosha kuhijia hawasemi habari hii, nasi twaisema.

Mwaka wetu wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko mwaka wa jua, kwa hiyo hija huzunguka majira yote. Mwaka 2035 yatarajiwa kuangukia Februari. Mahujaji wa wakati ule, badala ya mwavuli wa jua, watafikiria zaidi ule usiku wa Muzdalifa chini ya mbingu. Mwanamume aliye katika ihramu aruhusiwa kujifunika blanketi mwili wake, maadamu hafuniki kichwa.